Stika ya i7 haihariri video

Leo nimetumiwa tena picha ya laptop WhatsApp. "Kaka, hii ni i7, RAM 16, nimepewa bei nzuri, nichukue ya kuedit harusi?" Picha yenyewe ni stika ya bluu ya Intel na kioo kilichowashwa. Namba ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, haionekani, mwaka hautajwi. Nikiuliza naambiwa, "Si nimeshasema ni i7?"

Jamani, naomba leo tulimalize hili. Kazi yangu ni kuhariri video: harusi, sendofu, kwaya, mikutano ya ofisi. Laptop ndiyo jembe langu, naifungua asubuhi naifunga usiku. Na linaniuma kwa sababu pesa inayotolewa pale Kariakoo mara nyingi ni mtaji mzima wa kijana, pengine wa mchango wa ndugu, na anarudi nyumbani na mashine inayokwama kwenye video ya kwanza.

i7 ni jina la ngazi ndani ya kizazi kimoja cha prosesa, basi. Intel ilianza kulitumia mwaka 2008 na tangu hapo imelibandika kwenye chipu za kila namna. Chukua i7-7500U ya mwaka 2016: viini viwili (sehemu zinazofanya hesabu), nyuzi nne (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), wati 15. Weka pembeni i7-7700HQ iliyotoka Januari 2017: viini vinne, nyuzi nane, wati 45. Kizazi ni kile kile cha saba na stika ni ile ile, lakini ukizipa saa nzima ya harusi zirenda, yaani zitoe video ya mwisho, ya pili inamaliza ukiwa bado unaisubiri ya kwanza. Kibaya zaidi, mwaka 2017 huohuo ikatoka i5-8250U, nayo ni ya wati 15 tu, lakini ina viini vinne na nyuzi nane. Kwenye kurenda, i5 hiyo inaiacha mbali ile i7-7500U. Mimi nimeshuhudia mtu akiikataa i5 ya kizazi cha nane, akaongeza pesa, akabeba i7 ya kizazi cha nne yenye viini viwili. Aliongeza pesa ili apate mashine mbovu zaidi, na muuzaji hakumdanganya hata neno moja.

Kwa hiyo soma namba yote. Tarakimu za mwanzo ni kizazi: 4 ni cha nne, 8 cha nane, 12 cha kumi na mbili. Herufi ya mwisho ndiyo inayokueleza hiyo chipu imeumbwa ifanye nini. U ni ya kubana umeme. H, HQ au HK ni ya kazi nzito. P ilikuja na kizazi cha 12, ipo katikati. Desemba 2023 Intel ikaanza kuleta Core Ultra isiyo na ile "i" kabisa, lakini mitumba yetu itaendelea kuwa na "i" kwa miaka mingi, kwa hiyo jifunze tu kusoma.

Laptop ninayotumia ni ya inchi 15.6, ina i7-12700H, kadi ya grafiki ya Nvidia RTX 3050 ya GB 4, RAM nimeipandisha hadi 32, SSD mbili za NVMe (diski za kasi zisizozunguka). Kampuni iliyoitengeneza haina umuhimu hapa, maana mchanganyiko huohuo unaukuta kwenye chapa nyingi. Naipenda. Kuna mambo yake yananiudhi, na mambo hayo ndiyo yanayoamua laptop ya video ni ipi, wala hayaandikwi kwenye stika.

La kwanza ni joto. Hapa naomba utulie, maana hata wanaojua kusoma namba wanapotea hapa. i7-12700H imeandikiwa wati 45, lakini inaruhusiwa kupanda hadi 115 kwa muda mfupi. Nikibonyeza kurenda, sekunde za mwanzo ni furaha tupu: GHz (kipimo cha kasi ya prosesa) nne na ushee, feni bado hazijashtuka. Kisha chipu inakaribia nyuzi joto 100, feni zinaanza kulia kama zimetukanwa, na kasi inashuka. Inashuka hadi wapi? Hilo haliamui Intel, analiamua aliyetengeneza boksi: ameweka mabomba mangapi ya shaba, feni za ukubwa gani, na ameiruhusu chipu ile wati ngapi za kudumu. Yangu hutulia kwenye wati hamsini na kitu. Laptop nyembamba yenye prosesa hiyohiyo, herufi kwa herufi, inaweza kuachiwa wati 35. Kuli anaweza kukimbia na gunia la mahindi kutoka kwenye fuso hadi mlangoni. Wewe unatakiwa umuulize kama atafika nalo Ilala.

Ndiyo maana video za kufungua boksi haziniambii kitu. Mtu anaitoa laptop kwenye nailoni, anapima mara moja, anatangaza alama. Waliotengeneza Cinebench, programu ya kupima kasi ya prosesa, wenyewe waliliona hili: toleo la R23 la mwaka 2020 lilikuja na kipimo cha dakika 10 mfululizo, ili kasi ya kuanzia isimdanganye mtu. Harusi hairendwi kwa dakika moja. Na chumba chenye kiyoyozi kule Ulaya si chumba cha Sinza mwezi Februari, ambako hewa inayoingia kwenye feni tayari ni nyuzi joto 32. Feni haiwezi kuipoza chipu chini ya hewa inayoivuta. Kila nyuzi inayoongezeka chumbani unailipa kwa kasi.

Halafu mtu huyohuyo anaiweka laptop juu ya godoro. Matundu ya kuvuta hewa yako chini! Godoro linayaziba yote, kisha nalaumiwa mimi niliyemshauri anunue.

Kuhusu zile stendi zenye feni zinazouzwa kila kona, sijaridhika nazo. Nyuzi chache zinashuka, ni kweli, lakini nikiizima feni ya stendi na kuiacha laptop imeinuliwa tu, tofauti inakuwa ndogo mno. Nashuku kinachosaidia ni kule kuinuliwa, na vitabu viwili vinatosha. Vumbi ni suala jingine, hilo halina mjadala: mpelekee fundi aifungue, asafishe mapezi ya shaba, abadili pesti inayopitisha joto kutoka kwenye chipu. Ukiona feni inalia na hewa haitoki, umechelewa.

La pili ni kadi ya grafiki, na hapa ubishi ni mkali zaidi. Watu wanaamini RTX ndiyo inayochezesha video yako ya 4K. Inategemea kamera yako inarekodi nini. Sony A7 IV, ambayo imejaa kwenye harusi zetu, inarekodi 4K ya biti 10, 4:2:2 (yaani inahifadhi rangi kwa wingi zaidi), kwa H.264 au H.265, njia mbili za kubana video. Kuifumbua video hiyo, yaani kuifungua ichezeke, kwa nguvu za viini peke yake ni mateso. Kinachookoa ni saketi maalumu ndani ya chipu ambayo Intel inaiita Quick Sync. Imekuwepo tangu 2011, lakini ile ya 2011 haiijui H.265 kabisa. H.265 ya biti 10 ikaja kukaa sawasawa kwenye kizazi cha saba, na kwa 4:2:2 mimi humwambia mtu atafute kizazi cha 11 kwenda mbele. RTX 3050 yangu haifumbui 4:2:2, kabisa. Nvidia waliongeza uwezo huo kwenye mfululizo wa RTX 50, mwaka 2025.

Maana yake, kwenye mashine yangu inayochezesha H.265 ya A7 IV bila kukwama ni ile grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, ambayo muuzaji hata haitaji. RTX inafanya kazi nyingine: rangi, kuondoa chenga, efekti, kurenda mwishoni. Sasa sikia balaa lake. Laptop nyingi za gemu zina mahali pa kuchagua itumike RTX peke yake. Kijana anaambiwa na mwenzake "weka hiyo upate nguvu zote", anaweka, grafiki ya Intel inazimwa, Quick Sync inaondoka nayo, na video iliyokuwa inateleza jana leo inakwama kila sekunde mbili. Anampelekea fundi, fundi anapiga Windows upya. Hakuna kilichoharibika! Rudisha ule mpangilio.

Na kama umerekodi 4:2:2 ya biti 10 kwa H.264, usitegemee saketi ya Intel ya kizazi cha 12 wala RTX 3050 ikusaidie. Tengeneza proksi (nakala nyepesi za video zako), uhariri kwa proksi, urende kwa faili halisi. Mhariri mwenye proksi na i5 ya kizazi cha nane anamaliza kazi kabla ya mwenye RTX asiyejua proksi, na hili nalisema kwa moyo mweupe kwa sababu ndilo litakalokuokolea pesa nyingi kuliko yote niliyoyaandika hapa.

RAM: 16 inatosha kuanzia, 32 ni raha, ila hakikisha ipo kwenye nafasi mbili na haijaunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. SSD ni lazima. Diski ya kuzunguka iwe ya kutunzia harusi zilizokwisha, usiitumie kuhariri.

Kioo sasa. Kwenye maelezo ya laptop tafuta maneno "45% NTSC", kipimo cha wingi wa rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha. Ukiyaona, hicho kioo ni cha kuandikia barua. Kinachokaribia sRGB kamili (kiwango cha kawaida cha rangi za kompyuta) huandikwa "72% NTSC" au "100% sRGB". Tofauti yake naiona hivi: bibi harusi amevaa nyekundu ya damu ya mzee, ana hina mikononi, mama zake wako nyuma na vitenge. Kwenye kioo cha 45% ile nyekundu inapauka, inakuwa kama tofali. Mhariri anaona picha imekufa, anaongeza rangi, anaongeza tena, mpaka kwake inaonekana hai. Kisha video inafika kwenye simu ya mteja yenye kioo cha OLED: gauni linawaka, hina imekuwa ya machungwa, na nyuso za watu weusi zimegeuka shaba. Mteja anasema "mmetubadilisha ngozi", na ana haki.

Hata hivyo kuna jambo linanisumbua kuhusu vioo, na sina jibu lake la mwisho. Video ninayoihangaikia rangi usiku kucha inatumwa WhatsApp, inabanwa mpaka inapoteza nusu ya uhai wake, au inawekwa kwenye televisheni ya sebuleni iliyowekwa mtindo wa rangi kali tangu siku iliponunuliwa. Nani anaiona kazi yangu kama nilivyoiona mimi? Bado nashikilia kioo kizuri, kwa sababu ukianzia mahali sahihi makosa ya wengine hayaongezeki juu ya lako. Lakini mtu akiniambia ana pesa ya kioo kizuri au ya kizazi kipya cha prosesa, kimoja tu, nasitasita. Siku nyingi namwambia achukue prosesa, kioo atanunua cha pembeni cha mezani.

Kuhusu kubebeka: betri ya yangu ni Wh 70 (wati-saa). Ukihariri kwa kuvuta wati 60 hiyo ni saa moja na dakika chache, hesabu haina ujanja. Umeme ukikatika katikati ya kurenda, kasi inaporomoka papo hapo, maana mashine haipewi wati za chaja. Na chaja yake ni ya wati 150, nzito kama tofali. Ukiichomekea ya simu ya wati 65 itawaka, itaandika barua, lakini usiiombe irende. Laptop za namna hii hubebeka kutoka meza moja hadi nyingine yenye soketi.

Ukienda dukani, beba klipu kutoka kwenye kamera yako mwenyewe kwenye flashi, na programu unayotumia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua ukurasa wa utendaji, soma jina la prosesa lote mpaka herufi ya mwisho. Anza kurenda, kaa uangalie namba ya GHz. Kushuka kutoka 4 hadi 3 ni kawaida. Ikiteremka hadi 1.2 na kubaki hapo kabla dakika 20 hazijaisha, weka kiganja penye matundu ya kutolea hewa usikie kama hewa inatoka. Isipotoka, huenda ni vumbi, omba isafishwe ndipo ujaribu tena. Ikitoka ya moto na kasi bado iko 1.2, mrudishie mwenyewe.