"Nimeshapanda Kilimanjaro, hapo ni mteremko"

Kila msimu nayasikia pale Nyakalengija, Uganda, tunapoanzia kupanda milima ya Rwenzori hadi kilele cha Margherita, mizigo haijapimwa hata: "Nimefika Uhuru, mita 5,895. Margherita yenu ni 5,109 tu, si mteremko huo?" Juzi kijana mmoja kaniambia hivyo huku anazicheka gambuti zetu.

Hesabu yake ni sawa. Anachokosea ni kudhani mlima hupimwa kwa mita peke yake. Kilimanjaro, kwa njia za kawaida, unatembea kwa miguu yako mpaka kileleni. Kinachokutesa ni pumzi. Rwenzori pumzi ni nusu ya kazi. Ukitoka kibanda cha John Matte kwenda kile cha Bujuku unakatiza kinamasi cha Bigo. Palipotandazwa mbao unashukuru Mungu. Pasipo na mbao unaruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kingine, na ukikosea tope linakumeza mpaka gotini. Ukishalala kibanda cha Elena, zaidi ya mita 4,500, unaamshwa usiku wa manane, unafungwa kamba, unavaa meno ya chuma chini ya viatu na kushika shoka la barafu. Tena barafu yenyewe imesinyaa sana, njia zinabadilika, kwa hiyo masimulizi ya mjomba wako aliyepanda zamani hayakusaidii. Kuyavaa meno yale jifunze mchana, vidole vikiwa na joto.

Na gambuti, jamani! Kiatu cha ngozi cha bei mbaya kikilowa siku ya pili, hakikauki mpaka urudi mjini Kasese. Nunua gambuti sokoni, namba moja zaidi ya mguu wako, na soksi nene. Kiatu kigumu kibaki mgongoni kikisubiri barafu.

"Julai ni kiangazi, hakuna mvua." Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, mvua hupungua. Haikatiki.

"Ni volkano." Siyo. Ni bonge la miamba ya kale lililoinuliwa Bonde la Ufa lilipopasuka. Volkano nenda Muhabura.

"Kilele ni cha Uganda peke yetu." Mpaka na Kongo unapita hukohuko juu.

"Mimi mwanamichezo, mwinuko haunipati." Unakupata. Mapafu ya mkimbiaji hayana msamaha. Dawa ni kupanda polepole. Ukianza kutapika na kuyumba tunashuka saa ileile, hata kama kilele unakiona.