Maandishi hayahitaji saiti ya pili

Kuna hii imani ya siku nyingi eti ili maandishi yakae vizuri kwenye dirisha dogo la brauza lazima utengeneze saiti nyingine ya simu, au upunguze herufi mpaka watu wakodoe macho. Sio kweli. Maandishi ya HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, yanajikunja yenyewe, hata ukurasa wa kwanza wa 1991 wa Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, ukilibana dirisha mistari inajipanga upya bila shida. Tatizo tunalileta sisi wenyewe, mtu anaandika width: 960px kwenye CSS (maelekezo ya mwonekano wa ukurasa), yaani upana usiobadilika, halafu anashangaa msomaji anasukuma kushoto kulia kila mstari. Weka max-width: 40em, yaani upana usiozidi mara 40 ya saizi ya herufi, basi, boksi linanywea lenyewe. Kwa simu ongeza ile tagi ya viewport (mstari wa HTML unaoiambia simu itumie upana wake halisi), bila hiyo simu inajifanya ina skrini pana ya kompyuta ndo maana herufi zinakuwa kama sisimizi.