Zana muhimu za kuokea nyumbani: maana yake na mipaka yake

Zana muhimu ya kuokea ni kifaa kinachopima au kudhibiti jambo ambalo jicho na mkono wa mwokaji haviwezi kuliamua kwa uhakika. Mambo ya aina hiyo ni matatu: kiasi cha mahitaji, ukubwa wa chombo ambamo mchanganyiko unamiminwa, na joto linaloivisha. Vifaa vinavyopunguza uchovu au kuongeza urembo ni visaidizi tu, hata kama dukani vinauzwa kwa bei kubwa kuliko vingine vyote. Anayepika mtori huonja na kurekebisha mpaka mwisho, lakini keki ikishaingia katika oveni haiongezwi wala haipunguzwi kitu, na ndiyo sababu uokaji hutegemea vipimo kuliko mapishi mengine.

Kwa maoni yangu, kifaa cha kwanza kununuliwa ni mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Kikombe kimoja cha mililita 250 kikijazwa unga wa ngano uliochekechwa kinaweza kuwa na gramu 120 hivi, na kikishindiliwa kinaweza kufika gramu 150. Katika vikombe vinne tofauti hiyo inazidi gramu 100, kiasi kinachotosha kuifanya keki iwe ngumu na kavu. Mizani hiyohiyo hupima pia maji, kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, na kwa njia hiyo mnunuzi anaweza kuijaribu kwa kupima nusu lita ya maji, akitoa kwanza uzito wa chombo, na kuona kama inasoma gramu 500.

Vijiko vya kupimia vina umuhimu wa pekee kwa mwokaji wa Arusha. Mji huu uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali Moshi uko kati ya mita 800 na 900, na mapishi mengi tunayoyafuata yameandikwa kwa ajili ya mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Kadiri tunavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua na gesi inayotolewa na beking pauda hutanuka zaidi, hivyo keki huumuka upesi kabla unga na mayai havijashikana, kisha hubonyea katikati. Tiba ya kawaida katika mwinuko wa Arusha ni kupunguza thumni (sehemu moja ya nane) hadi robo ya kila kijiko cha chai cha beking pauda. Marekebisho madogo kiasi hicho hayawezekani kwa kijiko cha kukorogea chai, kwa sababu vijiko hivyo havilingani, wakati kijiko cha chai cha kupimia kina mililita 5 kamili kikisawazishwa juu kwa kisu.

Chombo cha kuokea hakihitaji kuwa cha gharama, ila vipimo vyake vijulikane. Chombo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 20 kina eneo la sentimita za mraba 314 hivi, na cha mraba chenye upande wa sentimita 20 kina 400. Mchanganyiko uleule ukiwekwa katika cha pili utakuwa mwembamba na kuiva mapema. Sufuria ya alumini isiyo na mikono inafaa kabisa, mradi ijazwe hadi theluthi mbili tu. Tena, bati jeusi hunyonya joto haraka kuliko linalong'aa, kwa hiyo huchoma kingo mapema.

Kuhusu joto, jambo la lazima ni joto kavu linalozunguka keki kutoka chini na juu, si oveni yenyewe. Oveni ya gesi au ya umeme hulitoa kwa urahisi, lakini namba iliyo kwenye kitufe chake huenda isilingane na joto la ndani, kwa hiyo kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ni ununuzi wa busara: keki nyingi za kawaida huokwa kwenye nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi. Kwa jiko la mkaa, sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, na makaa mengi juu ya kifuniko kuliko yale ya chini, huoka vizuri na kuipa keki rangi ya kahawia, rangi ambayo mvuke wa maji hauwezi kuileta. Makaa hayo yasiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

Bakuli, mwiko, chekeche na mchapo wa mkono hupatikana sokoni bila shida, na kijiti safi chembamba hutosha kujua kama katikati pameiva. Miksa ya umeme ni kisaidizi. Siagi iliyolainika na sukari huchapika kwa mwiko mpaka zikawa nyeupe na nyepesi, kazi ya dakika chache zaidi, na fedha za miksa zinafaa zingoje mpaka anayeoka aanze kupokea oda za keki kadhaa kwa siku moja.