“Si Ameshapona?” Maneno ya Wageni na Ukweli wa Figo Iliyopandikizwa

Mdogo wangu alipotoka hospitali na figo yangu ndani yake, sebule yetu haikukauka watu. Walikuja na ndizi, walikuja na dua, na karibu kila mmoja alikuja na ushauri. Walitupenda kwa dhati. Lakini yapo maneno ambayo tungeyafuata, tungeipoteza figo ile mapema sana. Nayaandika kwa sababu nyumba kama yetu zinaongezeka. Zamani safari ilikuwa India. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikafuata 2018, na Mulago nchini Uganda walifanya upandikizaji wao wa kwanza Desemba 2023. Upasuaji wenyewe ni wa saa chache. Kinachofuata kinafanyika nyumbani, na huko nyumbani ndiko maneno haya yanakosemwa.

“Upasuaji umekwisha, basi amepona”

Huu ndio mzizi wa mengine yote. Figo mpya huchukua kazi ya kuchuja damu, na mgonjwa akaachana na mashine ya kusafisha damu. Ila kinga ya mwili haijui kwamba figo hii ni ya dada yake. Inaiona ni kitu kigeni, na kazi yake ni kupambana na kila kigeni. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, kule Boston tarehe 23 Desemba 1954, ulifanikiwa kwa sababu Ronald na Richard Herrick walikuwa mapacha wa kufanana. Daktari Joseph Murray na wenzake walipoihamisha figo ya Ronald, mwili wa Richard haukuona mgeni. Sisi wengine, hata tukiwa baba mmoja mama mmoja, tunahitaji dawa za kutuliza kinga kila siku, maadamu figo inafanya kazi.

Kwa wengi dawa hizo ni tatu: takrolimasi, maikofenoleti na predinisoloni. Takrolimasi ndiyo yenye masharti makali zaidi. Ikipungua kwenye damu, mwili unaanza kuikataa figo. Ikizidi, dawa yenyewe inaiumiza figo ile ile na mikono inatetemeka. Ile ya kumezwa mara mbili kwa siku inataka saa 12 kati ya dozi na dozi. Sisi tulichagua saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, na simu tatu za nyumba nzima zikategwa zilie pamoja.

Siku ya kliniki tulijifunza kwa makosa. Mdogo wangu alimeza dawa nyumbani kama kawaida, tukapanda daladala. Muuguzi alipokuwa anamfunga mpira mkononi akamuuliza, “Kaka, umemeza saa ngapi?” Akamjibu. Muuguzi akaufungua mpira taratibu. “Basi njoo kesho. Tunatafuta kiwango cha chini kabisa cha dawa kabla hujameza ya asubuhi. Nikichukua damu sasa, kipimo kitatudanganya, na daktari atakupunguzia dozi ambayo haikupaswa kupungua.” Tangu siku hiyo vidonge vya asubuhi ya kliniki nilivifunga kwenye karatasi, nikaviweka mkobani pamoja na chapati na chupa ya maji. Damu ikishatoka, anameza palepale kwenye benchi.

“Haumwi kitu, kwa nini aendelee kumeza sumu?”

Hapa naomba msomaji atulie. Mwili unaweza kuikataa figo bila maumivu yoyote. Mtu anakula, anacheka, anatembea, huku kreatinini, taka ambayo figo huichuja, inapanda kwenye damu. Ndiyo maana miezi ya mwanzo kliniki ni ya mara kwa mara, hata mara mbili kwa wiki, kisha inapungua kadiri hali inavyotulia. Dalili zikijitokeza huwa ni mkojo kupungua, miguu kuvimba, uzito kupanda ghafla, presha kupanda, homa, au maumivu pale figo ilipo. Kusubiri dalili ndipo upime ni kuchelewa.

Wapo wanaopunguza dozi kwa sababu ya bei, wakimeza leo na kuruka kesho ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Nawaelewa, dawa hizi ni ghali na huadimika. Lakini mwambie daktari kabla dawa haijaisha, wala si baada ya kuruka siku nne. Na ukipewa takrolimasi ya kiwanda kingine, sema pia, ili damu ipimwe upya.

“Hii ni mizizi tu, haina kemikali”

Mama mkubwa alikuja kutoka Tanga na dumu la lita tano. Mizizi aliichimba mwenyewe, akaichemsha usiku kucha, akapanda basi nayo mapajani. Hakuna kitu kigumu kama kumkatalia mtu wa namna hiyo. Nilimwambia, “Mama mkubwa, Mungu akulipe. Ila kwa sasa mdomo wake umeshikwa na daktari. Hata chai ya tangawizi tuliulizia kwanza.” Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi niitie huyo daktari wenu nizungumze naye.” Tukampigia mratibu wa kliniki, akamweleza kwa upole. Dumu likabaki jikoni mpaka lilipomwagwa, naye hakukasirika.

Alichomweleza ni hiki. Takrolimasi huvunjwavunjwa na vimeng’enya vya ini na utumbo. Kitu chochote kinachovizuia vimeng’enya hivyo huifanya dawa ijae kwenye damu, na kinachovichochea huifanya iishe upesi. Mitishamba mingi haijapimwa upande huo, na mingine inadhuru figo moja kwa moja. Wala si mitishamba tu. Balungi, tunda linalouzwa sokoni kila siku, linapandisha kiwango cha takrolimasi, kwa hiyo halimo tena kwenye friji yetu.

Duka la dawa nalo lina hatari zake. Flukonazoli ya fangasi, erithromaisini na klarithromaisini hupandisha kiwango cha takrolimasi. Rifampisini ya kifua kikuu hukishusha kwa nguvu sana. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo sisi tunanunua kama pipi mgongo ukiuma, hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mtu huyu ni mwiko. Kwa maumivu madogo hupewa parasetamoli, kwa kipimo alichoambiwa. Sheria ya nyumbani kwetu ikawa moja: hakimezwi kitu ambacho kliniki haijakisikia.

“Maji kidogo, asije akavimba”

Mtu aliyesafishwa damu kwa mashine miaka miwili amefundishwa kuyaogopa maji. Mdogo wangu alizoea kufyonza kipande cha barafu na kukiita kinywaji. Figo mpya inataka kinyume chake: wengi huambiwa wanywe lita 2 mpaka 3 kwa siku, isipokuwa daktari aseme vingine. Usiku wa kwanza nyumbani nilimpa glasi imejaa. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, akaniuliza, “Yote?” Chooni tuliweka jagi lenye mistari, na kila akikojoa aliandika kwenye daftari. Yule ambaye zamani alikuwa hapati hata nusu kikombe kwa siku, aliandika lita 2 na nusu. Mama alilichukua daftari lile akaenda kulisoma peke yake chumbani.

“Lazima wametoa zile figo mbovu”

Mara nyingi hazitolewi, zinaachwa palepale mgongoni. Mpya huwekwa chini mbele ya tumbo, karibu na nyonga, kwa kawaida upande wa kulia. Kwa hiyo ana figo tatu, na moja ndiyo inayofanya kazi. Na ikitokea figo mpya haijaamka siku ya kwanza, si kwamba imekufa. Huweza kuchukua siku kadhaa hata wiki, hasa ikiwa imetoka kwa marehemu, na mgonjwa akarudi kwenye mashine kwa muda huo.

“Alale tu, asijisumbue”

Ukweli ni kwamba walimsimamisha siku iliyofuata upasuaji, akiwa bado na mipira. Kulala sana kunaleta damu kuganda miguuni na makohozi kukaa kifuani. Alifundishwa kukumbatia mto tumboni kila anapotaka kukohoa, ili mshono usivutwe. Akiwa nyumbani alizunguka ua asubuhi na jioni, akiongeza hatua kidogo kidogo. Alichokatazwa ni mizigo inayozidi kilo 5 hivi kwa wiki sita mpaka nane. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na kwa nyumba inayochota maji kisimani jambo hili lazima lipangiwe mtu kabla mgonjwa hajarudi.

“Sasa ale alichokosa miaka yote”

Ale, lakini kwa kipimo. Predinisoloni inaleta njaa kali na inapandisha sukari. Wapo waliopata kisukari baada ya kupandikizwa figo. Nyama iive kabisa, maziwa yachemshwe, na kachumbari ya mtaani iachwe.

“Homa hiyo ni malaria, mpe dawa”

Miezi sita ya mwanzo kinga imeshushwa zaidi, na maradhi ambayo mimi ningeyashinda kwa siku mbili yanaweza kumlaza yeye. Homa ikifika nyuzi 38, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Inaweza kuwa malaria kweli, kwa hiyo chandarua hakina mjadala, lakini inaweza kuwa mkojo, mapafu, kifua kikuu, au figo inakataliwa. Wageni wenye mafua tuliwaomba wasalimie kwa simu. Wengine walinuna.

Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, hapewi. Akitaka kusafiri kwenye nchi inayodai kadi ya manjano, azungumze na daktari wake mapema.

“Mwezi wa Ramadhani hauachwi”

Swali hili huulizwa kwa aibu, na linastahili jibu la heshima. Kufunga kwetu ni zaidi ya saa 13 bila maji na bila dawa, wakati figo changa inataka vyote viwili kwa wakati. Miezi ya mwanzo madaktari hukataza. Baadaye, kwa mtu ambaye figo yake imetulia, wapo wanaoruhusu kwa kupanga upya saa za dawa na kupima damu. Mgonjwa ana ruhusa ya dini yake, na shehe anayemwambia hivyo anamsaidia kama daktari.

“Hatazaa tena”

Kwa wanawake wengi uzazi hurudi ndani ya miezi michache, hata kabla hawajajua. Ndiyo maana uzazi wa mpango unaanza mapema: hushauriwa kusubiri angalau mwaka 1, na maikofenoleti lazima ibadilishwe kabla ya kutafuta mimba, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni.

“Na wewe uliyetoa, umebaki nusu mtu”

Hili liliniuma kuliko mengine, kwa sababu lilisemwa mbele ya mdogo wangu, nikamwona akiinamisha kichwa. Figo iliyobaki hutanuka kidogo na kuibeba kazi. Kabla ya kukubaliwa nilipimwa damu, mkojo, moyo na presha, na nikaambiwa wazi kwamba naweza kubadili nia hadi dakika ya mwisho. Nililala wodini siku chache, na wiki sita baadaye nilirudi kazini. Kila mwaka napima presha, mkojo na kreatinini, na diklofenaki nimeiacha na mimi.

Mwaka huu tarehe zetu zimeangukia wiki moja. Tutapanda daladala ile ile: yeye na vidonge vyake kwenye karatasi, mimi na kichupa changu cha mkojo.