Usiamini saa za kwenye kopo: kupaka poliurethani sakafu ya mbao pwani

“Fundi, mbona sakafu inanata, tena imejikunja?”

Simu hiyo niliipokea asubuhi moja ya Aprili, masika yamekolea, kutoka kwa mama mwenye nyumba iliyo karibu na bahari mjini Tanga. Sakafu ilikuwa ya mvule, mbao pana za zamani. Jana yake asubuhi nilipaka mkono wa kwanza wa poliurethani ya mafuta, ile vanishi ngumu ya sakafu. Kopo liliniruhusu mkono wa pili baada ya muda wa saa 8. Mimi nikangoja 10, nikapaka jioni, nikaenda kulala. Kulipokucha sebule nzima ilikuwa na mikunjo kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nilikwangua yote na kuanza upya, kwa gharama yangu.

Tangu siku hiyo, saa zilizoandikwa kwenye kopo sizifuati. Kwa kawaida hupimwa maabara, kwenye joto la nyuzi 23 na unyevu wa hewa wa asilimia 50. Hapa pwani hali hiyo ni nadra, na usiku wa masika haipo kabisa.

Poliurethani ya mafuta hukauka kwa hatua mbili. Kwanza kiyeyushi, yaani waiti spiriti, huruka. Kisha mafuta huvuta oksijeni hewani na kugandamana kidogo kidogo. Unyevu huichelewesha kazi hiyo, na mvule huongeza tatizo lake. Ule utomvu wa asili unaoulinda mti dhidi ya mchwa na kuoza ndio huohuo unaozuia mafuta yasigande. Kwa hiyo mkono wangu wa kwanza ulikuwa mkavu juu na mbichi chini. Wa pili ulipofika, kiyeyushi chake kikaulainisha ule utando, ukavimba na kujikunja. Siku hizi mvule na mtiki hufuta kwanza kwa kitambaa chenye asetoni, nikaacha zikauke, nikapaka mkono mmoja mwembamba wa shelaki isiyo na nta, vanishi ya spiriti inayokauka upesi. Poliurethani huja juu ya hapo. Mninga haujawahi kunisumbua kiasi hicho.

Poliurethani ya maji wengi huipenda kwa sababu hainuki sana na haigeuki manjano. Naipenda pia, ila si kwa masika. Ndani yake kuna chembe ndogo za plastiki zinazoelea kwenye maji, pamoja na viyeyushi vichache vinavyozilainisha ili zishikane. Maji yanapaswa kutoka kwanza. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, maji hubaki, viyeyushi huondoka mapema, na chembe hazishikani sawasawa. Utapata sakafu yenye ukungu mweupe, inayochubuka kwa kusukuma kiti. Kipimo changu cha unyevu kikizidi asilimia 80, kopo silifungui.

Poliurethani ya kuchanganya na hadina, yaani kigumishi kinachokuja kwenye kopo lake, ndiyo ngumu kuliko zote, lakini unyevu unaiharibu kwa njia nyingine: hadina humenyuka na mvuke wa maji na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo huacha viputo ndani ya utando. Kopo la hadina lifunge mara tu umemimina. Mvuke wake unaweza kukuachia pumu ya maisha, kwa hiyo vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali. Ile ya karatasi ya vumbi haikusaidii kitu.

Sasa, upake saa ngapi? Unyevu wa hewa hufika kileleni alfajiri na hushuka mchana. Mimi huanza saa nne asubuhi, umande umeshainuka, na kwa ya maji huhakikisha brashi iko chini kabla ya saa nane mchana. Ya mafuta itaupitia usiku utake usitake, basi iwe nyembamba: mikono mitatu myembamba ni bora kuliko miwili minene. Nikiwa na uhuru wa kuchagua mwezi, huchagua kati ya Juni na Septemba.

Kiyoyozi ni rafiki mwenye masharti. Hukausha hewa, lakini hupoza sakafu pia. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 25. Ukizima kiyoyozi na kufungua madirisha sakafu ikiwa na nyuzi 23, maji yatatua juu ya vanishi mbichi bila wewe kuyaona, na itapauka. Amua moja: kiyoyozi kiwake mpaka ikauke, au kisiwashwe tangu jana yake. Feni nayo isielekezwe kwenye vanishi mbichi. Iwashe uso ukishashika, izungushe hewa tu.

Na kabla ya yote hayo, pima chini. Sakafu nyingi za mbao mijini zimelala juu ya zege, na zege lenye unyevu litasukuma maji juu hata ukipaka mikono kumi. Kama mbao bado hazijalazwa, bandika juu ya zege kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, ziba kingo zote kwa selotepu, ukiache kwa saa 16. Ukikuta matone chini yake au zege limekoza rangi, usilaze mbao.

Nitajuaje kwamba mkono unaofuata unaruhusiwa? Chukua msasa namba 220, sugua pembeni kidogo, nyuma ya mlango. Ukitoa unga mweupe mkavu, endelea. Ukiviringika kama vumbi la raba na kuziba msasa, ngoja, hata kama umeshangoja siku mbili. Kipimo hiki hakina bei, na Tanga kingeniokolea wiki nzima ya kazi.

Zulia ndilo la mwisho kurudi. Makopo mengi ya vanishi ya mafuta husema siku 30. Pwani mimi huwaambia wenye nyumba wiki sita, na viti virudi vikiwa vimevishwa vipande vya jamvi miguuni.