Je, wajua kwa nini ndege ya rimoti hubebwa kwa vidole viwili kabla ya kurushwa?

Jumapili asubuhi, maji yamekupwa pale Shangani, Mtwara, nilikuwa nimeiinua ndege yangu ya rimoti kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, nimetulia tuli. Mpwa wangu akachoka kungoja. "Njomba, unairusha au unaiombea dua?"

Nilikuwa natafuta mahali uzito wake unapokutania. Hizi ndege zinazokuja vipandevipande kwenye boksi ukaunganisha mwenyewe, nyingi hutakiwa zitulie sawa zikishikwa kwenye robo hadi theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa langu lina upana wa sentimita 20, kwa hiyo nimelipiga alama ya kalamu sentimita 5 nyuma ya ukingo. Nikaweka vidole kwenye alama. Mkia ukazama.

Mkia kuzama ni balaa. Chukua mshale: chuma mbele, manyoya nyuma. Ukiyumba, manyoya yanashika hewa na kuurudisha njiani. Ndege nayo hujirudi hivyo hivyo, mradi uzito uwe mbele ya kutosha. Uzito ukihamia nyuma, upepo ukiinua pua kidogo tu, hakuna cha kuishusha. Pua inazidi kupanda, bawa linaikabili hewa kifua wazi badala ya kuikata, hewa inabanduka mgongoni mwa bawa, na ile nguvu iliyokuwa ikiibeba ndege inapotea. Chini inakuja. Pua ikizidi uzito kidogo, ndege huwa mvivu kupanda na hutua kwa kasi, lakini inaendesheka. Mimi nikikosea, heri nikosee upande huo.

"Si ilikuja imeshapimwa kiwandani?"

Kiwanda hakijui gundi niliyoimwaga. Mkia uliwahi kuvunjika, nikaugandisha na kuuzungushia selotepu, tuseme gramu 4. Si kitu mkononi, ila mkia uko sentimita 60 kutoka kwenye alama ile, na pua iko sentimita 20 tu. Ni hesabu ya mzega: ndoo ndogo iliyo mbali na bega inashindana na ndoo kubwa iliyo karibu. Gramu 4 za mkiani zinadai 12 za puani. Kwanza nikasogeza betri mbele, maana hapo huongezi mzigo. Ikafika mwisho wa nafasi yake, mkia bado unalegea. Nikachomeka puani chubwi ndogo, ile risasi ya mshipi wa kuvulia, nikaibana kwa tepu. Vidole tena kwenye alama. Ikatulia, pua imeinama kidogo kama mtu anayeitikia salamu.

Mengine ni ya haraka. Nilifumba jicho moja nikalikagua bawa kwa nyuma, kama seremala na ubao wake, kwa sababu mbao za balsa hunywa unyevu wa pwani zikapinda, na bawa lililopinda huivuta ndege upande mmoja. Betri ya lithiamu ikivimba hairushwi, hata kama bado inawaka. Kisha kijiti cha rimoti: ukikipeleka kulia, kibawa cha nyuma ya bawa la kulia kiinuke, cha kushoto kishuke. Simama nyuma ya ndege unapoangalia hili. Mimi niliwahi kuangalia nikiwa mbele yake, kulia kukawa kushoto, na ndege ile iliishia mkokoni.

Kusi ilikuwa bado haijakaza. Nikaielekeza ndege kwenye upepo, mota imezimwa, nikaisukuma taratibu juu ya mchanga mbichi. Ikateleza hatua kama kumi na tano, haikupiga pua wala kuinua kichwa, ikalaza tumbo. Mpwa akaikimbilia. Kabla ya kunirudishia, akaweka vidole vyake viwili kwenye alama, akatulia tuli.