Kondriti ya kaboni isiyo na kundi: mfano wa Tagish Lake

Vimondo vingi vya mawe vinavyofika duniani ni kondriti, yaani mawe yenye kondruli, vitone vya madini vilivyoyeyuka na kuganda wakati Jua lilipokuwa changa. Kondriti za kaboni ni sehemu ndogo ya hizo. Wataalamu huzigawa kwa kemia na isotopi za oksijeni (atomi za oksijeni zenye uzito tofauti), kisha kundi hupewa C ya kaboni na herufi ya kimondo cha mfano: I katika CI ni ya Ivuna, kilichoanguka Tanganyika mwaka 1938, na M katika CM ni ya Mighei cha Ukraine. Tarakimu inayofuata hueleza yaliyolipata jiwe baadaye. Namba 3 ni lililobadilika kidogo kuliko yote, 2 na 1 yamezidi kubadilishwa na maji, na 4 hadi 6 yamepitia joto.

Kwa kawaida kundi jipya halitambuliwi mpaka vipatikane walau vimondo vitano vinavyofanana. Kimondo cha Tagish Lake hakina wenzake wa kutosha, ndiyo maana huandikwa C2, bila kundi.

Kilianguka kwenye ziwa lililoganda huko British Columbia, Kanada, Januari 18, 2000. Vipande vya kwanza viliokotwa siku chache baadaye bila kuguswa kwa mikono, vikatunzwa katika baridi. Hiyo ni bahati kubwa mno, kwa sababu kaboni yake, karibu asilimia 5 ya uzito, imo pia kwenye asidi amino (viunga vya protini) na vitufe vidogo mno ambavyo joto na uchafu wa duniani vingeviharibu.

Sehemu kubwa ya jiwe ni madini laini ya jamii ya udongo wa mfinyanzi, saponiti na serpentini, yaliyozaliwa maji yalipokula olivini, madini ya kijani, ndani ya asteroidi mama, yaani jiwe kubwa la angani ambalo kimondo kilimeguka kutoka kwake. Humo zimetapakaa chembe za magnetiti (oksidi ya chuma), salfidi za chuma na nikeli, na kabonati (madini ya jamii ya chokaa). Kondruli ni chache. Sehemu moja ya jiwe ina kabonati nyingi na nyingine kidogo, ishara kwamba maji hayakufanya kazi sawasawa kila mahali. Lina vitundu vidogo vingi hivi kwamba sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.6 tu.

Wapo waliopendekeza kukiita CI2. Mimi naona bado ni mapema: saponiti inakisogeza kwa CI, lakini kondruli zake na kemia yake vinakiweka kati ya CI na CM. Tena, mwanga unaoakisiwa nacho unafanana na ule wa asteroidi za aina D, nyeusi na za mbali, ambazo CI na CM hazifanani nazo.